Wanasema nenda Pangani kabla daraja halijaisha

Sa hivi ukimwambia mtu yeyote anayeijua pwani kwamba unaenda Pangani jibu ni lilelile, nenda fasta kabla daraja halijaisha, likiisha tu patajaa watu paharibike. Nimeambiwa hivyo na mashosti zangu wa Dar, nimeambiwa na mzungu mmoja Tanga mjini ambaye Kiswahili chake kina lafudhi ya Kitanga kunizidi mimi, nikaambiwa tena kwenye basi na kaka aliyekaa siti ya mbele ambaye hata sikumuuliza. Mi nikaitikia tu. Nimeenda, nimekaa, nimerudi, na kiukweli hiyo kauli naona haina adabu kwa watu wa pale, ngoja niseme kwa nini, japo kabla ya hapo nna mengi ya kusifia maana bahari ya kule jamani ni nyingine.

Kwa msioijua, Pangani ni mji mdogo mkoa wa Tanga, kilomita kama 50 kusini ya Tanga mjini, umekaa palepale mto Pangani unapoingia baharini. Huo mto unaanzia mbali, maji ya Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls, ndo yanafika huku yamechoka, rangi yake chai ya maziwa. Mji uko ukingo wa kaskazini, ng'ambo panaitwa Bweni, katikati kuna kivuko. Na hilo daraja linaloongelewa lina mita 525, ni kipande cha barabara ya lami ya kutoka Tanga, Pangani, ikapita kule Saadani mpaka Makurunge na Bagamoyo. Yaani likiisha mtu wa Dar hatahitaji tena kuzunguka Chalinze na Segera nusu siku nzima. Nilivyoenda mimi nguzo zilikuwa zimeshasimama mtoni na watu wa kivuko wanaziangalia kila safari, wanajua zinamaanisha nini.

Watu wanaongelea huu utulivu wa Pangani utafikiri umeshushwa na Mungu siku ya uumbaji. Wapi! Pangani ndo ilikuwa mjini, Tanga ikisubiri. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa inashukia hapa, majahazi yanapakia kwenda Zanzibar, na Wajerumani walivyokuja kutaka pwani mwaka 1888 moto uliwaka hapahapa, maana kampuni yao ilimweka bwana mmoja anaitwa Emil von Zelewski ambaye kwa ubabe wake wenyeji walimpa jina la Nyundo. Abushiri bin Salim akaongoza watu, vita ikasambaa pwani nzima, mwisho wa siku wakamkamata na kumnyongea Pangani Desemba 1889. Huyo Nyundo naye mwaka 1891 akaenda kuipeleka nyundo yake kwa Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo ya Iringa, hakurudi. Haya, vita ikaisha, mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli, na reli ikaanzia Tanga. Basi. Mizigo ikafuata reli, wafanyabiashara wakafuata mizigo, Pangani ikabaki na milango ya nakshi. Kwahiyo huo ukimya tunaoufuata na kamera zetu ulikuja siku barabara ya biashara ilipopitishwa kwingine.

Ukitembea ule mtaa wa karibu na mto unaona mwenyewe. Nyumba za mawe na chokaa za ghorofa moja, vibaraza vya kuvutia, alafu unainua macho unakuta mti umeota ndani ya chumba cha juu umetokea dirishani, paa halipo. Chini yake mama anauza vitumbua, maisha yanaendelea. Shaaban Robert wakati bado karani wa serikali aliwahi kufanya kazi ya forodha hapa Pangani, nilikaa pale ukingoni nikawaza, forodha! Leo karani angekaa anamsubiri nani? Zilikuwepo ngalawa mbili, mashua moja ya nazi, na vijana wanaoga.

Mjini nililala gesti ya kawaida tu, feni inafanya kazi, maji ya ndoo. Asubuhi unaamkia bandarini unakula samaki wa kuchoma na bada, ule ugali wa muhogo, watu wa bara huwa wanausogeza pembeni kwa uma, shauri yao. Jioni hakuna kitu. Nasema hakuna kitu kwa maana ya hakuna kitu, saa tatu usiku mji umelala, kama umezoea starehe za Kidimbwi na Masaki kule Dar beba kitabu.

Fukwe zenyewe ni ng'ambo. Unavuka na kivuko, wewe, baiskeli, mbuzi, lori la nazi, nauli ni hela ndogo ila iwe chenji kweli, usitoe noti ya elfu kumi asubuhi utachukiwa. Bweni unachukua bodaboda mpaka Ushongo, kilomita kama kumi na tano, njia ya vumbi katikati ya minazi na mkonge, na ukifika ndo unaelewa watu wanaongelea nini. Ufukwe mrefu hauna mwisho, minazi imeinama, loji chache zimejificha kwenye miti, na kati ya hizo loji kuna kijiji halisi cha wavuvi, watoto wanacheza mpira, nyavu zimeanikwa, akina mama wanasubiri dagaa. Hakuna mtu anakufuata na vikuku na kofia. Niliwahi kutembea mpaka nikachoka bila kukutana na mtu zaidi ya mzee mmoja anaokota chaza, tukasalimiana shikamoo marahaba, akaniuliza za huko nitokako, akaendelea na yake.

Ila bahari ya kule inakupangia ratiba, hilo lijue mapema. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake, kwahiyo ukiambiwa "tutaenda asubuhi" uliza asubuhi ya mwezi gani. Wakati wa bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi na yanajaa sana kwenye saa kumi jioni. Bamvu ndo wakati wa kwenda kisiwa cha Maziwe. Wakati wa maji mafu hayatoki sana wala hayaingii sana, mkondo unapoa, na huo ndo wakati mzuri wa kupiga mbizi. Kwahiyo mtu anayetaka vyote viwili kwa wikiendi moja ajiandae kuchagua, mi nilikaa mpaka vyote vikapatikana na sijutii.

Maziwe sasa. Nimeiita kisiwa kwa mazoea tu. Ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, kama saa moja kwa dau kutoka Ushongo, limezungukwa na matumbawe pande zote, na maji yakijaa ya bamvu linazama lote, hubaki kitu. Unashuka asubuhi kwenye kinchi kidogo cheupe, mchana unatolewa. Hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna choo, kuna wewe na ndege na jua, kwahiyo maji ya kunywa beba mengi na nguo ya mikono mirefu, na ada ya hifadhi unalipa, mzawa analipa kidogo kuliko mgeni.

Nahodha wetu alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na ushee, ndevu nyeupe, maneno machache. Tulivyotia nanga wenzangu wakarukia maji na miwani yao, mi nikabaki namsaidia kukunja tanga, au tuseme namsumbua anavyokunja tanga. Nikamuuliza baba, hapa pamekuwa hivi siku zote? Akacheka. Akanyoosha mkono akaniambia pale kulikuwa na mivinje, na pale, mpaka kule, "msitu mwanangu, sikwambii miti miwili mitatu." Yeye akiwa mtoto alikuwa anakuja na baba yake kupiga dago hapo, wanalala wiki nzima wanavua na kukausha samaki, usiku wanasikia kasa wanapanda mchangani kutaga, wengi mpaka unawakwepa. Alafu akanionyesha kwa mguu wake sehemu walipokuwa wanaweka jiko. Palikuwa na maji ya magotini na samaki wadogo wa mistari.

Hiyo sio hadithi ya uzeeni. Maziwe ilishatajwa kuwa moja ya sehemu muhimu kabisa za kasa kutaga kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ikawekwa hifadhi, na mpaka inaingia miaka ya 80 mwanzoni miti ilikuwa imeisha yote na kisiwa kimeanza kuoga. Sababu ukiuliza watu watatu unapata majibu matatu, wengine wanasema wavuvi walikata mivinje kwa kuni za kukaushia samaki, mizizi ikaacha mchanga bila mshikaji, wengine wanasema bahari imepanda, nahodha wangu yeye alisema "vyote, na sisi tumo." Akawasha sigara yake.

Na kasa bado wanakuja! Hapo ndo niliposhangaa. Kasa jike huwa anarudi kutaga maeneo aliyozaliwa, na kasa wa kijani anachukua miaka ishirini na zaidi mpaka akomae, kwahiyo wanaendelea kupanda kwenye fungu ambalo baada ya masaa litazama, wanachimba, wanataga mayai mia na kitu, wanafukia, wanaondoka. Yakiachwa pale yanaoza. Ndo maana kuna wenyeji wanaoenda kuyafukua mapema na kuyahamishia Ushongo, na kazi yenyewe inataka utulivu wa mkono, yai inabidi lihamishwe ndani ya masaa machache na usiligeuze, vile lilivyokuwa limekaa ndo vilevile unalilaza kwenye shimo jipya la kina kilekile. Baada ya kama siku hamsini na tano mpaka sitini vitoto vya kasa vinatoka. Tulipata bahati shimo moja likafunguka jioni tukiwa pale Ushongo. Mlinzi alichora mistari miwili mchangani kutuzuia sisi wageni tusikanyage, simu zote zizimwe taa, na vikaanza kutoka, vidogo vinatosha kwenye kiganja, vimejaa mchanga machoni, kimoja kikageuka kikarudi juu kuelekea kijijini na dada mmoja akataka kukinyanyua, mlinzi akamwambia "acha dada, kinajifunza." Kikageuka chenyewe.

Kupiga mbizi sasa, maana najua kuna mliokuja kwa hilo tu. Mi sio mtaalam, nna cheti cha mwanzo na mapafu ya kawaida, kwahiyo mkitaka habari za vina virefu muulizeni mwingine. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa hapohapo kijijini, amezaliwa kwenye ngalawa, kazi ya kuzamia na mitungi ya hewa amejifunza ukubwani, na kabla hatujaingia alituambia vitu viwili akavirudia mpaka vikakera, usibane pumzi hata iweje, na masikio yakianza kuuma simama, bana pua, pulizia taratibu, yakigoma panda juu kidogo ujaribu tena, hakuna zawadi ya kufika wa kwanza.

Kwenye ukingo wa mwamba wa Maziwe huhitaji kushuka sana. Mita nane, kumi, kumi na mbili, mwanga upo wa kutosha, na kelele. Watu wanasema chini ya bahari kimya, sio kweli kabisa, kuna kra kra kra isiyoisha, na sehemu yake ni kangu, wale samaki wa rangi ya kijani na buluu wenye mdomo mgumu, wanatafuna mawe mchana kutwa. Wanakula mwani ulioko juu ya tumbawe, wanasaga na jiwe lenyewe, alafu linatoka nyuma likiwa mchanga mweupe. Nilimfuata mmoja nikashuhudia kwa macho yangu, wingu jeupe, pfff. Kwahiyo ule mchanga mnaopiga nao picha za harusi sehemu yake ni mavi ya samaki, poleni. Nikaona mkunga amefungua mdomo shimoni, taa amejifukia kaacha macho nje, vitatange wawili wawili, chewa mkubwa aliyetuangalia kwa dharau akageuka zake. Na tulivyokuwa tunarudi pomboo wakatusindikiza, hilo sikuliomba.

Ila sitawadanganya. Kuna sehemu tumepita ni makaburi. Matumbawe yamevunjika vipande vipande, yamelala kijivu, hakuna samaki, eneo zima limekuwa kifusi. Mwalimu alitupigia ishara ya mlipuko kwa vidole, kufumba na kufumbua kiganja. Baruti. Pwani ya Tanga ilisumbuka sana na hiyo kitu, kwa miaka mtu ukiwa ufukweni unasikia buu kwa mbali asubuhi, mpaka msako wa serikali wa miaka ya katikati ya 2010 ulivyokaza ndo ikapungua. Baruti moja inaua kila kitu, wakubwa na mayai, samaki wengi wanazama wala mvuvi mwenyewe hawapati, na tumbawe linalokua kwa sentimita tu kwa mwaka huwezi kulidai lirudi kesho. Ongeza na joto la mwaka 1998, ile El Niño iliyopausha matumbawe pwani nzima. Lakini pembeni ya kile kifusi kuna machipukizi, niliona vichwa vidogo vya zambarau vimeng'ang'ania kwenye mawe yaliyokufa, na samaki wadogo tayari wameshahamia.

Tena hapahapa kaskazini ya mdomo wa mto inaanza hifadhi ya bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009, kwa ajili ya yule samaki ambaye wanasayansi walijua amepotea enzi za madainosaria mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini 1938. Tanga wavuvi walianza kuwanasa kwenye majarife ya kina kirefu miaka ya 2000. Humwoni kwa mtungi wa kawaida, yuko chini sana, ila kuna raha yake kuelea ukijua jirani ni huyo.

Sasa nirudi kwenye lile daraja. Yule mwalimu wa mbizi jioni tulikaa naye, nikamwambia ile ya watu kusema nendeni kabla halijaisha. Akaniangalia. "Dada, mgeni anakuja anasema hapa pametulia, pazuri. Sawa. Yeye ametulia likizo, mi nimetulia kwa sababu leo hamna mteja." Mwezi wa nne na wa tano mvua ikinyesha mto unamwaga matope baharini, maji yanachafuka, loji zinapunguza watu au zinafunga, na yeye anarudi kwenye ngalawa ya baba yake. Na samaki wa baba yake wanauzwa kwa mchuuzi ambaye ndo mwenye barafu, na mwenye barafu ndo anapanga bei, maana samaki hawakusubiri wewe ukabishane. Mama mjamzito akishikwa usiku ng'ambo ya Bweni ni kuanza kutafuta kivuko au mtumbwi. Sasa wewe wa Mbezi Beach mwenye lami mpaka mlangoni unamwambia huyu aombe daraja lichelewe ili picha zako zitoke bila watu nyuma?

Hofu ipo, na wenyewe wanayo. Nahodha anaogopa viwanja, anasema kuna watu wanakuja na magari ya vioo vyeusi wanaulizia bei ya shamba la minazi la ufukweni na wengine wameshauza, na ukishauza ufukwe unapita wapi na ngalawa yako? Hilo ndo swali la maana kuliko "watalii watajaa". Anaogopa pia Maziwe, boti ishirini siku moja, nanga zote zikitupwa juu ya matumbawe. Hayo yanazuilika, maboya ya kufungia boti yapo duniani, sheria za ufukwe zipo, kinachotakiwa ni mtu wa kuzisimamia. Lakini sikumsikia hata mmoja pale akisema barabara isije. Mwenye kivuko labda.

Kama unaenda, kaskazi ndo wakati wake, Desemba mpaka Machi mwanzoni, au ule utulivu wa Oktoba na Novemba kabla upepo haujageuka. Kusi ikivuma, kuanzia Juni, dau linarushwa na anayetapika atatapika, ila mwangaza ni mzuri na bei zinapoa. Hela taslimu toa Tanga. Na kitu kimoja ambacho loji nyingine wanasahau kuwaambia watu, nyie mnaounganisha Pangani na Lushoto kwenye safari moja, anzeni na Lushoto. Lushoto iko mita kama 1,400 juu, na kupanda mlima muda mfupi baada ya kutoka mbizini ni hatari ileile ya kupanda ndege, ile hewa ya naitrojeni iliyobaki mwilini inaanza kutoa mapovu. Kaa hata siku nzima chini kwanza, kula pweza, lala. Na kuhusu maji ya bamvu usimuulize mtu wa mapokezi, nenda ufukweni asubuhi umuulize nahodha, atauangalia mwezi, atakutajia saa, na atakuwa sahihi kuliko programu ya kwenye simu yako, nililinganisha.